Mashine ya boti inazima katikati ya maji: anzia tangini, kabureta iache mwisho

Mpwa wangu ana boti ya fiber hapa Kilindoni, Mafia, na mashine ya farasi 40, tustroki. Msimu wa papa potwe anapeleka wageni kuwatazama, ukiisha anarudi kwenye nyavu. Mwaka huu mashine ilianza tabia: inawaka vizuri, inatoka bandarini vizuri, ukifungua mafuta kwa dakika kumi inaanza kukohoa, inapoteza nguvu, inazima. Ukiminya pampu ya mkono, lile puto la mpira lililo kwenye njia ya mafuta, inawaka tena. Dakika kumi nyingine, hali ileile. "Mjomba, imezima tena." Simu ya namna hiyo nilipigiwa siku tatu mfululizo, na siku ya nne nikapanda botini mwenyewe. Ninayoandika hapa ni mpangilio ambao ningeufuata tangu mwanzo, si ule niliofuata.

Jambo moja kabla ya kushika bisibisi. Kwenye tustroki inayochanganyiwa, oili inaingia pamoja na petroli. Mashine ikikosa mafuta, imekosa na oili. Anayelazimisha kufika nchi kavu kwa mwendo wa kasi huku mashine inakohoa anaweza kuokoa nusu saa akapoteza pistoni. Punguza mwendo, uwe unaminya pampu, rudi polepole.

Hatua ya 1: Hakikisha ni mafuta

Ikizima tu, fungua plagi uitazame. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki. Ikiwa imelowa petroli, tatizo lako pengine ni moto wa plagi, na mwongozo huu haukuhusu. Angalia pia ile kamba nyekundu ya usalama isije ikawa imechomoka. Nimewahi kuitwa kwa sababu hiyo na nauli nikalipwa.

Hatua ya 2: Tundu la hewa la tangi

Kwenye mfuniko wa tangi kuna kiskrubu cha kufungulia hewa. Kikifungwa, mafuta yanavyotoka hakuna hewa ya kujaza nafasi, tangi linajivuta ndani na pampu ya mkono inabaki imebonyea kama chungwa lililofyonzwa. Legeza mfuniko. Ukisikia "psss" ya hewa kuingia, umemaliza kazi. Wanaovuta mafuta moja kwa moja kwenye dumu kwa kutoboa mfuniko, tundu la mpira pekee halitoshi. Toboa na la pili la hewa, na ulikinge na maji ya wimbi.

Hatua ya 3: Maji na uchafu

Mimina mafuta ya chini ya tangi kwenye chupa nyeupe ya maji ya kunywa, iache itulie. Maji yanakaa chini, mstari unaonekana wazi. Huku kisiwani mafuta yanapita mikono na madumu mengi kabla ya kufika kwako, kwa hiyo usimlaumu mtu, chuja tu. Kisha fungua kikombe cha chujio kilicho chini ya kifuniko cha mashine, safisha, rudisha. Mafuta machafu usiyamwage baharini wala kwenye ngama, pale chini ya boti panapokusanyika maji, na mwenye sigara akae mbali.

Kuhusu oili: hesabu ya mashine nyingi za aina hii ni 50 kwa 1, yaani mililita 400 kwa lita 20 za petroli. Tazama kitabu cha mashine yako. Tumia oili ya mashine za boti yenye alama ya TC-W3. Najua ya pikipiki ni rahisi. Mashine si pikipiki.

Hatua ya 4: Mpira wa mafuta, kutoka tangini hadi kwenye mashine

Hapa ndipo zilipokwenda siku zangu mbili, kwa hiyo nivumilie.

Nilipopanda boti ya mpwa wangu nilifanya kama mafundi wengi: nikaenda moja kwa moja kwenye kabureta. Nikaifungua, nikaisafisha, nikafunga. Ikazima. Nikabadilisha dayaframu, ile ngozi nyembamba ya pampu ya mafuta iliyo ubavuni mwa mashine. Ikazima. Nikafungua kabureta mara ya pili kwa sababu nilidhani sikuisafisha vizuri. Mpira wa mafuta niliutazama mara moja tu, nikaupitisha mkononi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mkavu, hauna tone. Nikasema huu hauna shida.

Kosa langu lilikuwa hapo. Mashine ikiwa inatembea, pampu yake inavuta. Kuanzia tangini hadi kwenye pampu hiyo, ndani ya mpira hakuna msukumo, kuna mvuto. Penye ufa mdogo hapatoki mafuta, panaingia hewa. Unaweza kukaa nje na tochi usiku kucha ukitafuta tone, hutalipata. Kipande kilicho baada ya pampu ya mkono kinaweza kukuonyesha unyevu ukiminya kwa nguvu, kwa sababu wakati huo unakisukuma. Lakini kipande cha kati ya tangi na pampu ya mkono hakisukumwi hata siku moja. Hicho kinavutwa tu.

Kwa nini basi inazima baada ya dakika kumi na si papo hapo? Kwa mwendo mdogo mashine inahitaji mafuta kidogo, mvuto ni mdogo, hewa inayoingia haileti shida. Ukifungua, mvuto unaongezeka, hewa inaongezeka, kikombe cha kabureta kinapungua kidogo kidogo hadi kinakauka. Ndiyo maana ukijaribu mashine ufukweni bila mzigo inakudanganya.

Sasa fanya hivi. Kwanza, azima tangi na mpira wa jirani ambaye mashine yake haina shida na ina vichwa vya kuchomeka vya aina moja na yako. Endesha. Ikitembea vizuri, acha kabisa kugusa mashine, ugonjwa uko nje yake. Ikizima vilevile, nenda hatua ya 5. Jaribio hili ni la robo saa. Mimi sikulifanya kwa sababu boti ya jirani ilikuwa mbali na nilikuwa na kiburi cha fundi.

Pili, ukishajua ni mpira au tangi, tafuta kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani, urefu wa shubiri, ukiunge baada ya chujio, kabla ya pampu ya mashine. Funga kwa klipu pande zote mbili. Endesha ukiwa na mzigo, mwenzako ashike usukani, wewe tazama. Mafuta yapite kama kamba isiyokatika. Ukiona mapovu yanakimbia, kuna mahali panavuta hewa. Mpira huo ni wa kupimia tu. Petroli inaufanya mgumu kama mfupa, kwa hiyo ukimaliza uondoe.

Tatu, mapovu yakiwa yanaendelea, chukua grisi nzito upake kiungo kimoja kimoja, kuanzia kichwa kinachochomekwa tangini. Subiri kidogo kila unapopaka. Kwenye boti ya mpwa wangu nilipaka kichwa cha tangini na mapovu yakaisha kabla sijafuta vidole. Nikachomoa kile kichwa. Ndani kuna oringi ndogo, pete ya mpira ya kuzuia uvujaji, na ilikuwa na mkato mwembamba kama wa wembe upande mmoja. Mpya ilikuwa kwenye kisanduku changu muda wote.

Tahadhari nyingine. Mshale ulio kwenye pampu ya mkono lazima uelekee kwenye mashine, na unapominya ishike imesimama, mshale juu. Kama haiwi ngumu kabisa, ama valvu zake zimechoka, ama kuna hewa, ama sindano ya kabureta haifungi. Ukiona petroli inachuruzika kwenye kabureta, ni hiyo ya mwisho. Mpira wa zamani nao unaweza kuwa mzima nje huku ngozi ya ndani imebanduka, mvuto ukizidi inajikunja na kuziba njia. Huo huwezi kuuona kwa macho. Badilisha tu. Na kama mashine inazima kila mafuta yanapofika nusu ya tangi, tazama bomba la kuvutia lililo ndani ya tangi, huenda limepasuka katikati.

Usifunge kiungo cha mafuta kwa utepe wa tyubu ya baiskeli. Petroli inaivimbisha, na baada ya wiki una ufa ulioufunika mwenyewe. Silikoni nayo iache kwa mafundi wa madirisha.

Hatua ya 5: Pampu ya mashine

Ikiwa mashine inatembea vizuri mradi mtu anaminya pampu ya mkono, na hatua ya 4 umeimaliza kweli, fungua pampu. Dayaframu ikiwa imetoboka au imekakamaa, weka mpya pamoja na gasketi zake.

Hatua ya 6: Kabureta

Sasa ndiyo zamu yake. Piga picha kwa simu kabla ya kufungua. Toa kikombe, toa jeti (vile vipande vyenye tundu jembamba la kupitisha mafuta), safisha kwa petroli safi na upepo wa pampu ya tairi. Usizibue jeti kwa waya, waya unapanua tundu na mashine haitapimika tena. Mimi natumia mshipi mwembamba wa nailoni, ule wa kuvulia samaki aina ya changu. Unapita bila kukwaruza.

Hatua ya 7: Jaribio

Ifunge boti kwenye nguzo imara, kwa kamba mbili, tia gia, fungua nusu, iache dakika ishirini. Kisha toka nayo ukiwa na mzigo, maji yakiwa yanajaa, ili ikizima tena yakurudishe ufukweni. Mpwa wangu aliniomba nisiende naye safari hiyo. Nilikwenda.