Kuwasha Chipu ya Usalama ya Kompyuta Yako

Kompyuta iliyotumika unayoinunua Darajani huenda ina chipu ya TPM ndani yake, lakini imezimwa. Chipu hiyo hutunza funguo za kufungia data mahali ambapo programu za kawaida haziwezi kuzichota. Kwa hiyo, mpakato wa afisi ya hoteli wenye nakala za pasipoti za wageni ukiibiwa kwenye boti ya Pemba, mwizi atakayeichomoa diski na kuipachika kwenye mashine nyingine hataweza kuisoma, madhali ilikwishafungwa kwa BitLocker, programu ya Windows ya kufungia diski. Kuwasha chipu peke yake hakufungi diski. Hizo ni kazi mbili, na wengi huishia ya kwanza.

Anza kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha andika tpm.msc. Ukielezwa kuwa chipu iko tayari na toleo lake ni 2.0, ruka hadi kwenye BitLocker.

Ikiwa haikuonekana, usikimbilie mipangilio ya BIOS (programu ya msingi inayoiamsha mashine kabla ya Windows; mpya yake huitwa UEFI) kabla ya kuhakikisha kama diski tayari imefungwa. Ikiwa imefungwa, nakili ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48 kwenye karatasi, uiweke mbali na mkoba wa kompyuta, kisha usitishe BitLocker kwa muda, kwa sababu mabadiliko ya BIOS yanaweza kuifanya mashine iudai ufunguo huo itakapowaka.

Sasa shikilia Shift huku ukibofya Restart, kisha fuata Troubleshoot, Advanced options na UEFI Firmware Settings. Chini ya Security au Advanced, tafuta TPM kwa jina lake la PTT kwa mashine za Intel au fTPM kwa za AMD, uiweke Enabled, na uhifadhi kabla ya kutoka. Karibu na hapo unaweza kukuta Clear TPM: usiiguse, kwani hufuta funguo zilizomo. Ukishawishika kusasisha BIOS papo hapo, subiri siku ambayo umeme hausumbui, maana ukikatika katikati ya kazi hiyo mashine inaweza isiwake tena.

Windows ikirudi, thibitisha tena kwa tpm.msc, kisha washa BitLocker, au Device encryption, ufungaji wake mwepesi, kwa toleo la Windows Home ikiwa mashine inaikubali. Mashine kongwe yenye TPM 1.2 haikidhi masharti ya Windows 11, lakini BitLocker huikubali chipu hiyo.