Umepata kazi ya kumwangalia mzee nyumbani? Anza hivi mpaka akuzoee

Kazi hii wengi wanaichukulia kama kazi za ndani tu halafu unaongezewa bibi juu yake, hapana jamani. Unaweza kufua ukadeki nyumba ikang'aa na bado mzee akakukataa, hataki umguse, chakula chako hali, dawa anatema. Akishakuzoea nusu ya kazi imeisha. Nawaandikia nyie mnaoanza, na watoto wa mzee na nyie mna ya kwenu huko mbele msikimbie.

Siku ya kwanza wenye nyumba watakuonyesha dawa na pampasi, sawa, ila wewe uliza na habari za mzee mwenyewe. Alikuwa anafanya kazi gani, chai anakunywa ya rangi au ya maziwa, analala saa ngapi, hapendi nini, na anapenda kuitwaje, maana kuna bibi mwingine ukimwita bibi ananuna siku nzima, yeye alifundisha shule miaka yake yote basi ni Mwalimu na atabaki Mwalimu. Shikamoo kila asubuhi hata kama kiharusi kimechukua sauti na hawezi kuitikia, anasikia huyo, na usije ukamsemea mgeni mbele yake "leo amekula, leo amejisaidia" utafikiri hayupo.

Halafu usianze na kumwogesha kama kuna ndugu anayeweza kushika hiyo kazi siku mbili tatu. Kaa naye kwanza, chambueni mchele wote, mpe vitunguu saumu amenye hata kama anamenya kimoja nusu saa, muulize samaki wa nazi kwao wanaungaje na umfuate anavyosema hata kama we unajua kupika kuliko yeye. Mzee aliyeendesha nyumba miaka hamsini leo kila kitu anafanyiwa, inamuuma, kwa hiyo mtafutie pa kutoa amri.

Kuoga ndo mtihani wenyewe. Andaa kila kitu kabla, sabuni, taulo, nguo safi, ili usimwache kakaa uchi we unatafuta mafuta. Maji pima kwa kiwiko. Funga mlango, na tumia kanga mbili, moja juu moja chini, unafunua sehemu unayoosha unafunika unaenda nyingine, na kama mkono wake mmoja bado una nguvu mpe kitambaa chenye sabuni sehemu za siri aoshe mwenyewe we geuka pembeni. Kila unachofanya mwambie kabla hujafanya, "sasa naosha mgongo mama". Mzee wa kiume akikataa kuogeshwa na dada usilazimishe wala usichukie, mwambie mwanae wa kiume aje au watafute kaka, hilo ni suala la heshima yake. Na kama ni mtu wa swala msaidie udhu na umwelekeze kibla kabla hajaanza kuuliza saa, utaona anavyokuchangamkia.

Kwa aliyepata kiharusi, nguo inaanza kuvaliwa mkono uliolegea, na wakati wa kuvua unaanza na mkono mzima. Ukigeuza mtavutana hapo mpaka alie. Mkono uliolegea usiuvute kabisa kumnyanyua, bega linaachia kirahisi. Anayelala mda wote mgeuze kila baada ya masaa mawili, na kila ukimgeuza angalia visigino na mfupa wa mkiani, ukiona pamekuwa pekundu au peusi tofauti na jana usisugue, punguza kupalalia na utoe taarifa. Kula ni wima, kijiko kidogo, subiri ameze ndo umpe kingine, na baada ya kula asilazwe kama nusu saa hivi.

Faida ya kuzoeana utaiona kwenye sukari. Mzee anayetumia insulini au vidonge vya sukari, sukari ikishuka anaweza kutokwa jasho, kutetemeka, kuongea ovyo au kuwa mkali ghafla, sasa mgeni ataona bibi ana hasira tu leo, wewe uliyekaa naye unajua huyu ukali wake wa kawaida ni wa asubuhi kabla ya chai, huu wa saa kumi jioni siyo wake. Kama ana fahamu na anameza vizuri, nusu glasi ya soda ya kawaida (siyo ile isiyo na sukari) au maji yenye sukari, subiri kama robo saa, akipata nafuu mpe chakula, asipopata rudia na upige simu. Akipoteza fahamu usimtie kitu mdomoni, hospitali moja kwa moja.

Sasa kwa wazee wanaosahau, kuna siku utaambiwa umeiba. Kanga, hela, miwani, chochote. Usibishane naye na usiape, sema "haya mama tuitafute wote", mnatafuta, mara nyingi iko chini ya godoro, na isipopatikana mwanzishie habari nyingine. Kinachokulinda ni daftari: hela uliyopewa, ulichonunua, chenji, tarehe. Funguo za sanduku wabaki nazo watoto. Akikupa pete au hela nyingi kwa sababu anakupenda, wapigie watoto siku hiyo hiyo, na namba ya siri ya simu yake usitake kuijua hata akikubembeleza. Mambo ya kiwanja ndo usisogelee kabisa.

Haya, watoto. Mama akianza kumwita dada "mwanangu" na wewe ukija wikiendi anakuuliza we nani, najua inachoma, lakini usimalizie hasira kwa dada kwa kumkosoa chumvi mbele ya mama, ukimshusha pale mama naye anaacha kumsikiliza. Una la kusema mwite pembeni. Kamera sebuleni poa, anapoogeshwa mama hapana. Na mapumziko siyo hisani, kwa Tanzania Bara Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamhusu na dada wa nyumbani, masaa 45 ya kawaida kwa wiki, saa 24 za kupumzika kila wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka na malipo juu. Siku yake ya kupumzika njoo wewe umwogeshe mama, maana mzee akizoea mkono mmoja tu siku dada akiugua malaria mtakoma.

Dada akitaka kuondoka msimtoroshe. Ile ya "kaenda sokoni atarudi" siipendi, mzee anakaa mlangoni anasubiri, anaacha kula, mnaanza kutafuta ugonjwa. Aliyepo amtambulishe mpya mwenyewe, "mama huyu ndo utakuwa naye", wakae wote siku kadhaa, mpya aone jinsi anavyogeuzwa na maneno anayopenda kuambiwa, na baadaye wapigiane simu.

Na mzee akifariki, aliyekuwa anamgeuza usiku amefiwa na yeye. Nimeona misiba dada anaambiwa akachambue mchele wa wageni wakati bado macho yamevimba, halafu arobaini haijafika anaulizwa anaondoka lini. Mpeni nafasi mkekani na wafiwa, masufuria waoshe wengine, mumwambie mapema kama kazi ipo au haipo, na mshahara wa mwezi mzima na nauli ya kwao vilipwe kabla hamjaanza kugawana vitu vya marehemu.