Tazama tarakimu mbili za mwanzo: jinsi ya kuijua ofisi yako Paris na viunga vyake

Ndugu yangu unayehamia Paris, kabla hujauliza ofisi ya kibali cha kuishi au ya shule iko wapi, tazama msimbo wa posta wa mahali unapolala. Tarakimu mbili za mwanzo zitakuonyesha njia.

Mkoa mzima unaitwa Île-de-France. Una watu zaidi ya milioni 12 na wilaya 8, zinazoitwa départements, kila moja na namba yake, ndiyo hizo tarakimu mbili. Paris yenyewe ni 75. Zinazoikumbatia ni 92, 93 na 94. Nje zaidi ziko 77, 78, 91 na 95. Hiyo 77, Seine-et-Marne, peke yake ni karibu nusu ya ardhi ya mkoa, kwa hiyo ukiambiwa kuna nyumba ya bei nafuu huko, uliza kwanza treni inachukua muda gani hadi Gare de Lyon, stesheni ya Paris.

Mimi naishi Pantin, na bahasha zangu huandikwa 93500. Nikitembea kidogo nikavuka barabara ya mzunguko, périphérique, niko Paris, 75019. Hapo 19 ndiyo namba ya mtaa, yaani arrondissement, sehemu ya mji. Mitaa yote ni 20, inaanzia Louvre na kuzunguka kama konokono. (Mtaa wa 16 una msimbo wa pili, 75116, usikutie wasiwasi.) Rafiki yangu wa ng'ambo hiyo, kibali chake cha kuishi kiko Préfecture de Police, makao ya polisi ya Paris. Changu kiko Bobigny, mwisho wa metro namba 5. Basi usifuate foleni ya rafiki! Wa 94 ni Créteil, wa 92 Nanterre, wa 95 Cergy, wa 91 Évry, wa 78 Versailles, wa 77 Melun. Na ukiwa 93 soma vizuri barua ya miadi, maana zipo pia ofisi ndogo Saint-Denis na Le Raincy.

Watoto je? Kuandikisha chekechea na shule ya msingi, nenda mairie, kwa meya wa mji wako. Majengo ya collège, sekondari ya chini, ni ya wilaya, ya lycée, sekondari ya juu, ni ya mkoa. Usafiri nao ni wa mkoa, ndiyo maana kadi moja ya Navigo ya mwezi inakufikisha kanda zote 5.

Ukishapata kibali kisha ukahama, una miezi 3 ya kutangaza anwani mpya. Tunza bili ya umeme yenye jina lako, ndiyo ushahidi wa anwani. Kama unakaa kwa ndugu, mwombe akuandikie attestation d'hébergement, barua ya kuthibitisha kuwa unaishi kwake, na akupe nakala ya kitambulisho chake.