Kuku wa Nanenane asiingie bandani usiku uleule

Kila mwaka maonesho ya wakulima ya Nanenane yakiisha mwezi Agosti, magari yanayotoka viwanja vya Ngongo pale Lindi kwenda Nachingwea, Masasi na Newala hubeba matenga. Humo mna kuchi (kuku wa kupigana), kanga, bata mzinga na chotara wenye manyoya ya kuvutia. Mfugaji kapita kwenye mabanda ya maonesho, kapenda, kanunua jozi. Anafika nyumbani usiku amechoka, anafungua banda na kuwaachia humohumo pamoja na kuku, bata na kanga wake. Asubuhi mambo shwari. Wiki ya pili anaanza kuokota mizoga.

Sisemi watu wasinunue. Damu mpya inatakiwa, hasa kwa mwenye jogoo mmoja ambaye sasa anapanda wajukuu zake mwenyewe. Tatizo ni haraka. Kwenye banda lenye ndege mchanganyiko, kumwingiza mgeni ni kazi ya wiki tano hadi sita, na wiki nne za mwanzo mgeni hatakiwi kukaribiana na wenyeji kabisa.

Sababu ni hii: kuku aliyezubaa hakuna anayemnunua. Anayeleta balaa ni yule mchangamfu. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, kwa kawaida hujificha mwilini siku 5 au 6 kabla ya kuonesha dalili, na unaweza kufika siku 15. Kuku uliyemchagua kwa macho yake maangavu anaweza kuwa nao tayari. Bata anaweza kuubeba na kuusambaza bila yeye kuugua. Kuku aliyewahi kuugua mafua ya kuku akapona hubaki nayo, na huwaambukiza wenzake akiwa mzima wa kutazamwa. Isitoshe, Agosti kiangazi kimekolea. Miezi hii ya ukavu, hadi mvua zikaribie mwezi wa Desemba, ndiyo mdondo hupenda kulipuka, na ndiyo kuku wanahamahama kuliko wakati wowote: maonesho, jando na unyago, halafu Oktoba minada ya korosho inafunguliwa na watu wanapata fedha ya kununulia.

Watenge siku 30

Banda la wageni si lazima liwe la gharama. Mianzi, makuti, wavu wa kuku na maranda makavu yanatosha. Cha kuangalia ni mahali. Agosti upepo unaovuma ni kusi, kwa hiyo wageni wakae upande wa kaskazini wa uwanja ili vumbi la manyoya na kinyesi lisipeperushwe kuelekea kwa wenyeji. Waweke mbali kadiri uwanja unavyoruhusu, ikiwezekana nyumba iwe katikati. Kaskazi ikianza kuvuma, fikiria upya.

Hudumia wenyeji kwanza, wageni mwisho. Wageni wawe na ndoo yao, ufagio wao, na ndala zinazokaa mlangoni pao zisizokanyaga kwingine. Nitakazia maji, maana hapa ndipo wengi wetu tunateleza. Kule uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, ambako maji ya ndoo yananunuliwa, mama akikuta chombo cha wageni kina maji nusu hawezi kuyamwaga chini. Atayahamishia kwenye chombo cha kuku wake. Ute wa mdomoni na kinyesi vimo humo. Mwagia mpapai. Weka maji kidogo mara nyingi badala ya kujaza, hutapoteza kitu.

Siku ya kwanza mshike kila ndege mmoja mmoja mchana kweupe. Inua bawa, kisha panua manyoya yanayozunguka tundu la haja: chawa hukimbia kwenye ngozi, na mayai yao huonekana kama vichane vyeupe vilivyoganda kwenye mashina ya manyoya. Tazama upanga na kingo za macho. Vidoa vyeusi visivyofutika kwa kidole ni viroboto waliojipachika. Miguu yenye magamba yaliyoinuka ina utitiri. Osha kwa maji na sabuni, kausha, paka mafuta mazito ya mgando, rudia kila baada ya siku chache. Kisha bonyeza pua taratibu. Ukitoka ute wenye harufu, huyo hachanganywi na mtu, hata kama ndiye uliyemlipia bei kubwa kuliko wote.

Wakishatulia kama wiki moja, wape dawa ya minyoo kwa kipimo cha kwenye lebo, halafu chanjo ya mdondo. Ile ya tone la jicho inayostahimili joto ndiyo inayotufaa sisi tusio na jokofu la uhakika: tone moja kwenye jicho moja, kwa kila ndege, mkubwa kwa mdogo, na kurudia kila baada ya miezi mitatu. Aliye mgonjwa hachanjwi. Wenyeji nao wachanjwe wakati huohuo, kisha zipite wiki mbili kamili kabla ya kukutana, kwa sababu kinga haijengeki siku ya chanjo. Chupa moja hutosha ndege wengi kuliko ulio nao, na ikishafunguliwa haikai, hivyo zungumza na majirani mchanjishe siku moja.

Wiki ya mwisho chukua kuku wako mmoja, mtetea mzee ambaye hata akifa hutalia, umweke na wageni. Wafugaji wengi wanaruka hatua hii, nami naiona ina thamani kuliko nusu ya dawa zinazouzwa madukani. Mgeni anaweza kuzoea ugonjwa wake akawa haonekani nao, ila kuku wako hajauzoea. Chanjo itakuwa imemkinga na mdondo, lakini mafua, chawa na kuhara vitajitokeza kwake. Akiugua, wageni hawaingii, naye harudi.

Ndege akifia karantini usimchinje, usimtupie mbwa. Mjulishe afisa mifugo wa kata haraka. Mzoga mbichi uliofungwa vizuri na kuwekwa kwenye barafu unaweza kupelekwa maabara ya veterinari Mtwara ukapimwa. Mingine fukia kwa kina. Waliobaki wanaanza kuhesabiwa siku 30 upya.

Si kila ndege wa kukaa na mwenzake

Bata mzinga hapana. Najua maonesho huwaweka karibu na kuku wakapendeza. Kuku hubeba utumboni minyoo midogo ambayo mayai yake hubeba kimelea kingine kinachoshambulia ini la bata mzinga. Kuku mwenyewe kwa kawaida haoneshi dalili yoyote. Bata mzinga anazubaa, anashusha mabawa, anaharisha kinyesi cha njano kama salfa tunayopuliza kwenye mikorosho, halafu anakufa, wadogo zaidi ya wakubwa. Mayai hayo huishi ardhini kwa miaka, kwa hiyo hata uwanja ambao kuku waliutumia zamani haumfai. Mpe eneo lake au usimnunue.

Bata anakubalika, ila maji yake yawe nje au mbali na maranda. Sakafu iliyolowa huleta kuhara damu kwa vifaranga wa kuku. Na dume la bata lisilo na majike ya kutosha litapanda mitetea na kuwajeruhi vibaya. Lipe majike matatu au zaidi.

Kanga hufukuza kuku kwa kundi, tena bila kuchoka. Wafungie ndani wiki nne hadi sita wajue kwao, la sivyo siku ya kwanza nje ndiyo ya mwisho kuwaona. Wawe kanga wa kufugwa. Wa porini aliyetegwa yuko chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 na bila kibali utaulizwa. Jogoo wa kuchi hana mjadala, akae peke yake na majike yake. Vifaranga wa aina yoyote wasichanganywe na wakubwa.

Siku ya kuwaunganisha

Tenganisha banda kwa wavu, wageni upande mmoja, wenyeji wa pili, waonane kwa wiki nzima bila kugusana. Watavimba, watanuniana, baadaye watazoea. Ndipo uondoe wavu jioni giza linapoingia, wageni wakishakaa kwenye fito. Siku hiyohiyo hamisha fito na vyombo ili wenyeji nao waamke mahali pasipo na mwenyewe. Mgeni mmoja ataandamwa na banda zima. Ingiza watatu au wanne wenye umbo linalolingana na wenyeji.

Kesho yake uwepo pale alfajiri. Ongeza chombo kimoja cha chakula na kimoja cha maji, kila kimoja kona yake, maana jogoo hawezi kulinda kona mbili. Egemeza matawi au tenga ukutani, mnyonge apate pa kuchomokea. Nafasi ni kuku wasiozidi watano kwa mita moja ya mraba. Wakizidi hapo, hizi mbinu zote ni kazi bure. Kudonoana kidogo kwa siku mbili tatu ni kawaida yao, na mayai yatapungua kwa muda. Ikionekana damu, mtoe mwenye kidonda papo hapo, kwani wote watamfuata.

Wiki ikipita bado mmoja anamkimbiza mgeni kutoka kwenye chakula, usimtoe mgeni. Mtoe mkorofi, mfungie kwenye tenga siku tatu au nne mbali na wenzake. Akirudi atakuta nafasi yake imeshachukuliwa, na yeye ndiye mgeni.