Kununua nyumba ya shamba Ufaransa yenye gîte za wageni: ivunje bei kwanza

Tangazo la dalali husomeka hivi: nyumba ya shamba ya mawe, hekta mbili, bwawa la kuogelea, gîte mbili, yaani nyumba ndogo za kupangisha wageni, zenye wateja wake, bei moja kwa vyote. Kila ndugu anayenipigia simu kutoka Paris, Brussels au London akiwa na tangazo la namna hiyo, namwambia aanze kwa kuivunja hiyo bei. Ndani yake kuna nyumba, kuna samani na vyombo, na kuna biashara. Kila kimoja kina namna yake ya kupimwa. Ukivilipia kwa mkupuo bila kuvipima, huenda ukalipia biashara ambayo muuzaji ataondoka nayo.

Ninaandika kutoka Périgord Noir, kusini-magharibi mwa Ufaransa, nusu saa kwa gari kutoka mji wa Sarlat. Kwetu ni Tanga. Nilikuwa mapokezi kwenye hoteli Nungwi kabla sijaolewa huku. Sasa mimi na mume wangu tunakaa kwenye nyumba kubwa ya shamba na tunapangisha mbili ndogo, moja ilikuwa banda la kukaushia tumbaku, nyingine zizi. Gîte ni nyumba inayojitegemea: mgeni anaipanga kwa wiki, anajipikia mwenyewe. Usiichanganye na chambre d'hôtes, ambapo mgeni analala chumbani kwako na unamwandalia kifungua kinywa, mwisho vyumba 5 na watu 15 kwa mara moja. Sheria zake na kodi zake ni tofauti, na wauzaji wengine hutaja moja wakimaanisha nyingine.

Nyumba ni rahisi kupima. Serikali ina tovuti ya bure iitwayo DVF inayoonyesha bei zilizolipwa kweli kwenye mauzo ya miaka mitano iliyopita, kiwanja kwa kiwanja. Tafuta nyumba za mawe za ukubwa huo kwenye kijiji hicho na vijiji jirani. Ukiona zimeuzwa kwa bei ya chini sana kuliko unayoambiwa, tofauti hiyo ndiyo bei ya "biashara", na hapo muuzaji anapaswa kukueleza anakuuzia nini hasa.

Samani ziandikwe kwenye orodha, kitanda kwa kitanda, friji kwa friji, kila kitu na bei yake ya kweli ya mtumba. Gharama za kuhamisha umiliki wa nyumba ya zamani ni kama asilimia 7 hadi 8 ya bei, na sehemu kubwa ni kodi. Samani zilizoorodheshwa kando haziingii kwenye kodi hiyo. Usizidishe bei zake kukwepa kodi; orodha hiyo inaweza kukaguliwa.

Biashara ndiyo yenye kazi. Omba matamko ya kodi ya miaka mitatu. Muuzaji aliye kwenye mfumo rahisi, micro-BIC, halazimiki kuwa na vitabu kamili vya hesabu vya kukuonyesha. Kwenye kodi hutaja jumla ya mapato tu, kwenye fomu 2042-C-PRO. Kwa hiyo tafuta ushahidi wa pili. Mimi naupenda ule wa taxe de séjour, kodi ndogo ambayo kila mgeni mtu mzima hulipa kwa kila usiku na mwenye nyumba huipeleka halmashauri. Aliyelipia malazi mia tatu tu, ukihesabu kila mtu kwa kila usiku, hawezi kukuambia nyumba ilijaa kiangazi chote. Kama wageni walipitia Airbnb au Booking, makampuni hayo ndiyo hukusanya kodi hiyo, basi omba taarifa zao za mwaka. Na muuzaji akikunong'oneza kwamba kuna fedha taslimu ambazo haziko kwenye karatasi, kwenye hesabu yako hizo ni sifuri. Hakuna benki itakayozikubali, na wewe usizinunue.

Kisha uliza ni kitu gani kitabaki baada ya yeye kuondoka. Maoni ya wageni kwenye Airbnb ni ya akaunti yake, hayahamishiki. Mkataba wa lebo kama Gîtes de France, mtandao uliopo tangu 1955 na unaozipa nyumba madaraja kwa masuke ya ngano badala ya nyota, unafungwa na mwenye nyumba, kwa hiyo uliza mapema kama utapokelewa na kwa masharti gani. Vinavyoweza kubaki ni jina la nyumba, tovuti, namba ya simu, orodha ya wageni waliokubali kuandikiwa, na nafasi zilizokwisha kulipiwa. Viandikwe vyote kwenye mkataba, pamoja na malipo ya awali ya wageni watakaofika baada ya wewe kuhamia. Fedha hiyo ikibaki mfukoni mwa muuzaji, utakuwa unawapokea watu wa Agosti bure.

Kuhusu msimu, Périgord inajaa Julai na Agosti, Jumamosi hadi Jumamosi. Familia zinakuja kuona Lascaux, maarufu kwa michoro ya kale ya pangoni, makasri ya Beynac na Castelnaud, na kupiga kasia mtoni. Mei, Juni na Septemba wanakuja wastaafu, Waholanzi, Wabelgiji na Waingereza. Kuanzia Novemba mpaka Machi kuna ukungu na ukimya. Mimi humwambia mtu apige hesabu ya wiki kumi kwa kila gîte. Akizidisha hapo ashukuru, lakini mkopo ulipike kwa wiki hizo kumi. Toa kodi ya ardhi na majengo, bima, CFE ambayo ni kodi ya biashara, umeme, dawa za bwawa, kufua mashuka, kamisheni za tovuti. Kinachobaki ndicho mapato.

Sheria ya 19 Novemba 2024 imebadilisha hesabu hizi. Kwa mapato ya 2025, gîte isiyo na nyota za serikali inapata punguzo la asilimia 30 tu, na haikai kwenye mfumo rahisi ikipita euro 15,000. Yenye nyota inapata asilimia 50, na kikomo chake kwa mapato ya mwaka huo ni euro 77,700. Gîte iliyoingiza euro 14,000 itatozwa kodi juu ya euro 9,800 bila nyota, au 7,000 ikiwa nazo. Ukaguzi wa nyota ni wa kulipia, unadumu miaka 5, na kwa hesabu hiyo unajilipa wenyewe. Kumbuka pia kikomo cha euro 23,000 kwa mwaka: mapato ya kupangisha kwa muda mfupi yakikivuka, unaanza kulipa michango ya hifadhi ya jamii kama mfanyabiashara.

Sasa majitaka. Hapa nitakaa, maana watu wanakagua jiko na bwawa na kusahau kilicho chini ya majani. Nyumba nyingi za shamba hazijaunganishwa na mfereji wa kijiji. Zina shimo lake. Ofisi iitwayo SPANC hulikagua, na muuzaji lazima atoe ripoti yake isiyozidi miaka 3. Ripoti ikisema mfumo haukidhi sheria, mnunuzi ndiye anayepewa mwaka mmoja kuurekebisha baada ya kununua, kazi ambayo inaweza kupita euro 10,000. Lakini hata ripoti nzuri haitoshi kwa biashara ya wageni. Uliza mfumo umepimiwa watu wangapi. Shimo lililojengwa kwa familia moja linafanya kazi vizuri mwezi wa Machi, siku unayokwenda kutazama. Mwezi wa Agosti kuna watu kumi na wanne, kila mmoja anaoga mara mbili kwa siku, mashine za kufua zinazunguka kila Jumamosi. Omba uonyeshwe tangi, eneo la kunyonyea maji na risiti za kunyonya kinyesi. Kama kuna mashimo mawili au matatu, kila moja liwe na ripoti yake. Na kama unaweza, tembelea nyumba mara mbili, wakati wa mvua na wakati wa joto. Majani ya kijani kibichi mno katikati ya ukame yanakueleza maji yanaishia wapi.

Paa la lauze, yale mabamba ya mawe yanayopigwa picha sana huku, lina uzito wa mamia ya kilo kwa kila mita ya mraba, na mafundi wake ni wachache. Mpeleke fundi wa kenchi darini kabla ya kutaja bei yoyote. Nyufa zinazopanda ukutani kama ngazi zinatokana mara nyingi na udongo wa mfinyanzi unaovimba na kusinyaa; tovuti ya serikali ya Géorisques inaonyesha hatari hiyo, pamoja na mafuriko, kwa kuandika anwani tu. Muuzaji atakupa pia rundo la ripoti: DPE inayopima matumizi ya nishati kuanzia A hadi G, risasi kwenye rangi kwa nyumba za kabla ya 1949, asbesto kwa zilizopata kibali kabla ya Julai 1997, mchwa kwenye maeneo yaliyotajwa na mkuu wa mkoa, umeme na gesi vikizidi miaka 15. Zisome zote, na zisome mwenyewe.

Halafu nenda mairie, ofisi ya kijiji. Uliza kama lile banda lilipata kibali cha kugeuzwa makazi na kama bwawa lilitolewa taarifa. Mabanda mengi yaligeuzwa gîte na wenyewe wikiendi kwa wikiendi. Kazi za ujenzi zilizo chini ya miaka 10 ziwe na karatasi za mafundi za décennale, bima inayofunika kazi yao kwa miaka kumi. Bwawa lililochimbwa lazima liwe na moja kati ya uzio, kengele ya tahadhari, kifuniko au banda, vyote kwa viwango vilivyowekwa. Faini inafika euro 45,000, na zaidi ya faini, kuna watoto wa watu. Kama kuna jengo la kihistoria ndani ya mita 500, hata rangi ya madirisha utaomba ruhusa.

Upande wa uraia, habari ni njema nusu. Kwetu Tanzania ardhi ni ya umma na hati hutolewa kwa miaka, 33, 66 au 99. Ufaransa Mtanzania, Mkenya au Mkongomani ananunua na kumiliki bila kikomo. Ila hati ya nyumba haikupi ukaazi. Mwenye viza ya kawaida anakaa siku 90 ndani ya kila siku 180, na tangu Uingereza itoke Umoja wa Ulaya hata mwenye pasipoti ya Uingereza yuko kwenye kipimo hicho. Viza ya muda mrefu ya "visiteur" inakukataza kufanya kazi. Ukitaka kuishi hapa na kuendesha gîte, unahitaji kibali cha entrepreneur, na utaombwa mpango wa biashara wenye mapato ya kukutosha kuishi. Anza hilo kabla ya kutoa hata senti.

Fedha zenu pia ziandaeni mapema. Malipo yote yanapitia benki kwenda akaunti ya notaire, ofisa anayesimamia mauzo kwa niaba ya dola, na sheria inamlazimu kuuliza zimetoka wapi. Sisi watu wa kuchangiana tunaliona swali hilo kama dharau, si dharau. Kaka akikuongezea kutoka Dar, mama akiuza kiwanja Muheza, kila mchango uwe na barua, hati ya mauzo na taarifa ya benki. Cheti cha kuzaliwa na cha ndoa vitafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa mahakamani. Unaweza kuwa na notaire wako mwenyewe tofauti na wa muuzaji. Wanagawana ada ileile, gharama haiongezeki. Muulize pia kuhusu mirathi mapema: sheria ya Ufaransa inawatengea watoto fungu, nusu kwa mtoto mmoja, theluthi mbili kwa wawili, robo tatu kwa watatu na zaidi. Kama wewe au mwenzako ana watoto wa ndoa iliyopita, namna ya kuandika majina kwenye hati inabadilika kabisa.

Mkataba wa kwanza ni compromis de vente. Arubuni huwa asilimia 5 hadi 10, inakaa kwa notaire. Ukishapokea nakala una siku 10 za kujitoa bila kutoa sababu. Baada ya hapo kinachokulinda ni masharti yaliyoandikwa: mkopo upatikane, kwa kiasi na riba iliyotajwa, kibali kama unakihitaji, SAFER, shirika la ardhi ya kilimo, lisitumie haki yake ya kununua kwanza, nalo lina miezi 2 ya kujibu. Hesabu kama miezi 3 hadi hati ya mwisho. Kwa hiyo anayetaka kupokea wageni wa kiangazi asaini compromis kabla ya Krismasi. Kama Kifaransa chako hakitoshi, dai mkalimani siku ya saini.

Asubuhi ya siku ya kusaini hati ya mwisho, kabla ya kwenda kwa notaire, pita kwenye nyumba unayonunua na orodha ya samani mkononi. Washa kila jiko, fungua kila bomba, piga picha mita za maji na umeme. Bima ianze siku hiyohiyo. Kisha ujisajili kama mpangishaji ndani ya siku 15 tangu uanze, kwenye tovuti ya serikali ya biashara, upate SIRET, namba ya utambulisho wa biashara, na upeleke tamko la gîte mairie hata kama muuzaji alikuwa nalo, maana lile lilikuwa la kwake. Sheria ya 2024 imeweka 20 Mei 2026 kuwa mwisho wa kuanzisha usajili wa nchi nzima kwa mtandao, na bila namba ya usajili huo tangazo lako haliruhusiwi kuwekwa.