Fildi ya saikolojia ya elimu: ninayomwambia kila anayekuja kwangu

Kila Julai shule zikifunguliwa napokea wanafunzi wawili au watatu kutoka vyuoni, wanaokuja fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Wanakuja na barua ya utambulisho, logubuku, lile daftari la kumbukumbu za fildi, ambalo bado linanukia duka, na viatu ambavyo vumbi la uwanja wetu litavimaliza kabla ya wiki ya pili. Mimi ni mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu katika shule moja ya msingi hapa Dar es Salaam, na kwa kuwa nilisomea saikolojia ya elimu, vyuo vinaniandika kuwa msimamizi wao wa kituoni. Wiki nane baadaye wanaondoka. Wapo wanaoondoka wakijua kumtazama mtoto, na wapo wanaoondoka na mihuri tu. Haya ndiyo ninayowaambia siku ya kwanza. Nimeamua kuyaandika maana sauti yangu siku hizi haifiki mwisho wa hotuba.

Barua kwanza. Inakwenda kwa Mkurugenzi wa halmashauri, inashuka idara ya elimu ya awali na msingi, ndipo inamfikia mwalimu mkuu. Usiruke ngazi eti mjomba wako anafahamiana na mwalimu mkuu. Atakukaribisha vizuri, atakupa na chai, na muhuri hatagonga. Tembea na nakala tatu. Uliza mapema kama shule ina kitengo, kwa sababu nyingi hazina. Wengi hutaja Uhuru Mchanganyiko na Msimbazi Mseto, wakaishia hapo; tafuta na kwingine. Nauli ya wiki ya kwanza jitafutie mwenyewe, maana hela ya fildi ina tabia ya kuingia fildi ikiwa ukingoni.

Ukishapokewa, salimia watu wote. Simaanishi walimu tu. Mama anayepika uji ana taarifa kuhusu watoto ambazo hazimo kwenye faili lolote: nani hali, nani anaficha kikombe cha mdogo wake, nani hakuja jana kwa sababu nyumbani kuna kelele.

Kisha kaa na msimamizi wako mpatane siku na saa ya kukutana. Kwangu ni Alhamisi saa nane mchana, watoto wa kitengo wakiwa wameshachukuliwa. Msimamizi akikuambia "tutaonana tu, mlango uko wazi," mwombe kwa adabu mpange saa, maana huo mlango ulio wazi siku zote una mtu mwingine ndani. Muulize pia ni kitu gani huruhusiwi kufanya peke yako. Jibu langu ni fupi: wiki mbili za kwanza humpimi mtoto yeyote, unatazama na kuandika.

Wengi wanaidharau kazi ya kutazama, wanaona ni kukaa bure. Mwaka juzi binti mmoja aliniletea ukurasa wake wa kwanza: "Mtoto ni mkorofi, hana utulivu, anapenda kutazamwa." Sikuona hapo kitu hata kimoja ambacho jicho lake lilikiona. Zote zilikuwa hukumu. Nikampa karatasi yenye safu tatu, Kabla, Tendo na Baada, nikamrudisha darasani. Alirudi na hii (H. ndiye mtoto huyo):

Saa 3:12. Kabla: mwalimu anaanza kufuta ubao, H. amenakili mistari miwili kati ya mitano. Tendo: anasukuma daftari la jirani, linaanguka. Baada: mwalimu anamwita jina mara mbili, darasa linacheka.

Saa 3:26. Kabla: ubao unafutwa tena, H. amenakili mistari mitatu. Tendo: anasimama, anakwenda dirishani. Baada: anaambiwa akae, anakaa, haandiki tena.

Hapo tukapata la kuzungumza. Haoni vizuri? Mkono wake ni mzito? Au hajui kusoma anachonakili, kwa hiyo ananakili herufi mojamoja kama mtu anayechora? Kila swali kati ya hayo lina njia ya kulijibu. "Mkorofi" haina njia yoyote. Kabla ya kufungua sanduku la vipimo, mtoto akapimwe macho na masikio kituo cha afya, na wewe chungulia mwenyewe kama kuna pamba sikioni. Usaha wa masikio umewafanya watoto wengi waitwe wazito wa akili.

Utaona na fimbo. Nalisema hili mapema ili lisikushtue mbele ya darasa. Kanuni zetu zinataka viboko vitolewe na mwalimu mkuu au aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kitabuni. Utakayoyaona wakati mwingine hayafanani na kanuni. Usibishane na mwalimu wa watu mbele ya wanafunzi wake. Fimbo usiishike, hata ukikabidhiwa kwa utani. Liandike tukio kama lilivyokuwa, na uje kwangu siku hiyohiyo bila kungoja Alhamisi.

Wiki ya tatu unakutana na mzazi. Hapa vijana wengi wanakwama kwa sababu wanakwenda na fomu ya chuo iliyotafsiriwa neno kwa neno: "Mtoto alianza kukaa akiwa na umri wa miezi mingapi?" Mama ana watoto watano na kibanda cha mihogo, hiyo miezi ataikumbukia wapi? Atakutajia namba yoyote ili akuridhishe. Omba kadi ya kliniki kwanza. Uzito na tarehe za chanjo zimo. Halafu uliza kwa matukio. Idi ile alikuwa anatambaa au anatembea? Mdogo wake alipozaliwa, huyu alikuwa anasema maneno gani? Ukilinganisha na dada yake, nani aliwahi? Ukiuliza kama mtoto ana kifafa, utajibiwa hapana, tena kwa ukali. Uliza kama aliwahi kupata degedege, alikuwa na umri gani, ilichukua muda gani, na baada ya pale kuna kitu alichokuwa anakiweza kikapotea? Hapo mama atavuta kiti karibu. Akikuambia bibi alisema mtoto amechezewa, yaani amerogwa, usicheke wala usihubiri. Andika alipelekwa wapi na alipewa nini.

Mzazi lazima akubali kwa maneno yake, na kwa sahihi au dole gumba, kabla hujampima mwanawe. Mweleze unafanya nini na nani ataisoma taarifa. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 jambo hili si la adabu tu. Picha ya mtoto kwenye simu yako, hata ya kumbukumbu, hapana. Jina lake kwenye grupu la WhatsApp la darasa lenu, hapana.

Nifike kwenye vipimo, na niseme kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha.

Nilipokuwa fildi, katika shule ambayo sitaitaja, nilipewa mtoto wa darasa la pili. Nitamwita Hamisi, ingawa silo jina lake. Nilikuwa na kitabu cha Raven, kipimo cha uwezo wa akili, kile cha picha za rangi: maswali 36 katika mafungu matatu, A, Ab na B, kila fungu maswali 12. Kila ukurasa una mchoro uliokatwa kipande, na chini vipande sita katika safu mbili. Mtoto anaonyesha kwa kidole kipi kinafaa. Hakihitaji maneno mengi, ndiyo maana kinapendwa kwa watoto wa lugha yoyote. Nilimweka Hamisi kwenye benchi chini ya mwembe, nikafuata maelekezo vizuri sana, nikajumlisha alama, nikafungua jedwali la kumlinganisha na wastani wa watoto wa umri wake. Akaangukia chini kabisa. Usiku ule niliandika taarifa kurasa mbili kwa mwandiko wangu bora: uwezo wa akili wa mtoto huyu uko chini mno ya wastani, inashauriwa ahamishiwe kitengo.

Msimamizi wangu alikuwa mwalimu mzee, mama wa maneno machache. Taarifa hakuisoma. Aliomba karatasi ya majibu. Akapitisha kidole hadi fungu B akasimama. Kuanzia swali la nne hadi la kumi na mbili, nilikuwa nimeandika 6, 6, 6, 6, 6, 6, 6, 6, 6.

"Ulimpima saa ngapi?"

"Saa nne kasoro, Madam."

"Saa nne kuna nini pale shuleni?"

Kulikuwa na uji. Jikoni palikuwa nyuma yangu, mbele yake. Namba 6 iko chini kulia, upande wa mkono wake, ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na kidole cha mtoto anayetaka kumaliza akapange foleni. Mimi nilikuwa nimeandika 6 zile tisa moja baada ya nyingine bila kuinua macho.

Tulimpima tena Jumanne iliyofuata, ameshakunywa uji, ndani ya ofisi, akiutazama ukuta. Alama zilipanda sana. Nikafurahi, nikataka kuchana taarifa ya kwanza niandike mpya. Madam akanikatalia. Akasema hata hizi za pili si safi, kwa sababu mtoto ameshakiona kitabu wiki iliyopita. Tukaandika zote mbili, na saa, na uji. Mwisho wa ukurasa: kipimo hiki hakitoshi kusema lolote kuhusu uwezo wa mtoto huyu. Hamisi alibaki darasa la pili. Kila nikikumbuka jinsi ile taarifa ya kwanza ilivyokuwa imeandikwa vizuri, naona aibu.

Kwa hiyo ukipima kwangu, pembeni ya kila jibu acha nafasi ya kuandika mtoto alifanya nini: alitazama wapi, alichukua muda gani, alisema nini. Mtoto akirudia nafasi moja mara tatu mfululizo, inua macho. Na ujue jedwali unalolifungua limetoka wapi. Wastani wa kipimo kile ulitokana na watoto wa Dumfries, Scotland. Hamisi hajawahi kushindana nao kwa lolote. Vipo vipimo vilivyokuzwa karibu na kwetu: Kilifi, Kenya, kuna cha ukuaji wa watoto wa miezi 6 hadi 35, na Malawi kuna kingine kilichochapishwa 2010, cha kuanzia kuzaliwa hadi miaka sita. Navyo vinataka mafunzo kabla ya kuvigusa. Kusoma, mimi napima kienyeji kama wanavyofanya Uwezo, wale wanaopima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu: silabi, neno, aya, hadithi. Pale mtoto anapokwama ndipo unapoanzia kesho. Mwalimu wa darasa ataielewa taarifa hiyo bila wewe kumfafanulia.

Sasa kuhusu Alhamisi zetu. Wengi wanakuja na mafanikio: Madam, leo mtoto kanitamkia jina langu. Vizuri, nitapiga makofi. Lakini saa moja ya usimamizi ni ya kile ulichotaka kunificha: mtoto aliyekuuma ukapandisha hasira, mama uliyemwahidi usichoweza, karatasi yenye 6 tisa. Hilo la aibu liweke mezani kwanza, dakika kumi za mwanzo, kwa sababu likisubiri mwisho halisemwi. Niliwahi kukaa na kijana wiki sita akiniletea mambo mazuri tu, ya saba nikaja kugundua kuna mtoto alikuwa anamkwepa tangu siku ya tatu kwa sababu anadondosha mate. Lingesemwa wiki ya kwanza lingekuwa jambo dogo, tungelicheka, ningempa taulo.

Zaidi ya fimbo, kuna jambo moja lisilongoja. Mtoto akikuambia, au ukiona mwilini mwake, kwamba anaumizwa au anachezewa kingono, usimhoji kwa maswali mengi na usimwahidi siri. Sikiliza, andika maneno yake kama alivyoyasema, nitafute mimi au mwalimu mkuu saa ileile. Tutamwita ofisa ustawi wa jamii na kwenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Ukitukosa sote, piga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto; ni ya bure.

Taarifa yako ya mwisho iwe kurasa mbili. Usiandike "ana usonji"; wewe ni mwanafunzi, na hata mimi silitamki hilo peke yangu. Andika anachofanya, anachoweza kwa msaada, msaada gani, na nani ataufanya Jumatatu. "Apewe uangalizi maalumu" haina mtendaji. "Mwalimu amwachie ubao dakika tano zaidi, akae benchi la kwanza" inaye. Isome kwa sauti mbele ya mama yake kabla hujaikabidhi. Penye neno unaloona haya kumsomea, lirekebishe. Na ujiandae, kwa sababu ukimaliza atakuuliza: "Kwa hiyo mwalimu, mwanangu ni mzima?" Usikimbilie ndiyo wala hapana. Mwambie ulichokiona anaweza, kimoja kimoja, polepole, halafu mwache aulize tena.

Wiki ya saba anza kuaga. Watoto wa kitengo hawaelewi "nimemaliza fildi". Wanachoelewa ni kwamba Jumatatu hukuja. Chora visanduku kumi kwenye karatasi, bandika ukutani, kila asubuhi mkate kimoja pamoja. Ukiwa na zawadi, iwe ya darasa zima.

Na logubuku lako ligongwe muhuri Alhamisi. Ijumaa mwalimu mkuu wetu anawahi msikitini, na ufunguo wa kabati la muhuri huondoka naye mfukoni.