Bakuli la Tambi na Mboga Mbichi Bila Kuwasha Jiko

Kwa mtu aliyelelewa Tanga, tambi ni chakula cha nazi, sukari na iliki, kinachopikwa zaidi mwezi wa Ramadhani, na kachumbari ni ya kusindikiza pilau. Ukiwa ughaibuni, katika chumba cha kupanga kisichoruhusu kupika, au unaporudi kazini usiku umechoka, viwili hivyo vinaweza kukutana katika bakuli moja na kuwa mlo kamili ndani ya robo saa, bila moto wowote zaidi ya birika la umeme.

Nunua tambi nyembamba za mchele, ambazo hupatikana katika maduka mengi ya vyakula vya Asia. Gramu 60 humtosha mtu mmoja. Zimwagie maji yaliyochemka, zifunike kwa dakika 3 hadi 5 kwa kufuata maelezo ya pakiti, kisha zichuje na kuzisuuza kwa maji baridi ili zisishikamane. Tambi za pakiti zenye unga wa viungo ziache dukani, kwa kuwa unga huo una chumvi nyingi mno, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku.

Asiyetaka tambi za mchele atumie zukini, jamaa wa mumunye letu, na hapa ndipo wengi huharibu. Zukini ina maji mengi, hivyo ukiichanganya na sosi mara tu baada ya kuikata, bakuli litageuka mchuzi kabla hujamaliza kula. Ikate vipande virefu na vyembamba kwa kifaa cha kumenyea viazi, inyunyizie nusu kijiko cha chai cha chumvi, iache dakika 10 kwenye chujio, kisha ikamue kwa mkono kama unavyokamua vitunguu vya kachumbari. Onja kipande kimoja kabla ya yote: zukini iliyo chungu sana itupwe, kwani uchungu huo ni dalili ya sumu ambayo hata kupika hakuiondoi.

Ongeza karoti iliyokwaruzwa, kabichi iliyokatwa nyembamba, pilipili hoho na kotimiri, vyote vikiwa vimeoshwa vizuri. Mboga mbichi hubaki na vitamini C, ambayo hupungua kwa moto na kupotelea katika maji ya kuchemshia. Karotini ya karoti, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, kwa upande wake huhitaji mafuta kidogo ili mwili uifyonze, na ndiyo maana napendelea sosi ya tui kuliko siki tupu.

Koroga vijiko 4 vya mezani vya tui zito la kopo, maji ya ndimu 1, tangawizi mbichi, pilipili na chumvi kidogo. Ndimu ikizidi ukali, maji ya nusu chungwa huituliza, jambo ambalo watu wa Muheza, wilaya ya machungwa mkoani Tanga, wanalijua vyema. Majira ya baridi utalikuta tui limeganda, kwa sababu mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi. Liweke kopo katika maji ya moto kwa dakika chache, kisha lifungue na kulikoroga. Tui likikosekana, siagi ya karanga iliyolainishwa kwa maji ya uvuguvugu inafaa.

Ili mlo ushibishe, weka jodari wa kopo au dengu za kopo zilizosuuzwa. Ukibeba chakula hiki kazini, sosi ikae katika kichupa chake, na bakuli liwekwe kwenye friji, lisikae mezani zaidi ya saa 2.